Mwendo Wenye Sababu: Jinsi Tarakilishi Inavyoiga Safari za Rununu, kwa Mfano wa Endebess

Utangulizi

Endebess ni mji mdogo ulio chini ya Mlima Elgon, kilomita zipatazo 20 kaskazini magharibi mwa Kitale, katika Kaunti ya Trans Nzoia. Barabara itokayo Kitale hupita hapo ikaelekea Suam, penye mpaka wa Kenya na Uganda. Upande mmoja wa mji kuna mashamba mapana ya mahindi, baadhi yake yakiwa ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, yaani ADC. Upande wa pili kuna msitu na Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, mlima ambao kilele chake kina urefu wa mita 4,321. Kila asubuhi watu hutoka majumbani kuelekea shambani, shuleni, sokoni, kinuni na Kitale mjini, na wengi wao wamebeba rununu mifukoni.

Tuseme mhandisi aliyeko Nairobi anataka kujua kama mnara mmoja zaidi wa simu, ukijengwa kati ya Endebess na Suam, utawafaa watu wangapi na kwa saa zipi za siku. Hawezi kuujenga kwa kubahatisha, kwa maana gharama yake ni kubwa na mnara ukishasimama si rahisi kuuhamisha. Kwa hivyo hutengeneza Endebess ya kubuni ndani ya tarakilishi. Huweka humo minara ya kubuni na rununu za kubuni, kisha huziacha rununu hizo ziende. Hapo ndipo linapozuka swali: ziende vipi?

Makala haya yanadhamiria kulieleza swali hilo kwa msomaji wa Kiswahili asiye mhandisi. Tunashikilia kwamba mwendo wa kifaa hauwezi kuigwa vyema pasipo kuuliza sababu iliyomtoa mwenye kifaa nyumbani. Aidha, tutaonyesha kwamba vitenzi vya mwendo katika Kiswahili vinaweza kumsaidia mtafiti kuiuliza sababu hiyo ipasavyo.

Maelezo ya Istilahi

Kabla ya kuendelea ni muhimu tukubaliane juu ya maneno machache. Neno uigaji limetumika hapa kwa maana ya kuunda, ndani ya tarakilishi, mfano wa jambo lililopo duniani ili kulichunguza bila kuligusa jambo lenyewe. Mwanafunzi wa fasihi hatalionea ugeni, kwa sababu shina lake ni lile lile linalotupa uigizaji. Na kama vile mhusika wa tamthilia anavyoweza kuwa wa kusadikika au wa kubuniwa ovyo, ndivyo ilivyo pia kwa rununu ya kuigwa.

Mtandao usiotumia waya ni ule ambao vifaa vyake huwasiliana kwa mawimbi ya redio. Upo wa aina mbili zinazotuhusu. Aina ya kwanza hutegemea minara: kila rununu huzungumza na mnara ulio karibu, na mwenye rununu anaposafiri, mnara mmoja humkabidhi kwa mnara unaofuata. Tendo hilo tutaliita makabidhiano. Aina ya pili haina minara. Kila kifaa hupokea ujumbe wa kifaa jirani na kuusogeza mbele, mfano wa wakimbiaji katika mbio za kupokezana vijiti. Tutauita mtandao wa kupokezana. Kila kifaa kilichomo katika mtandao wowote kati ya hii tutakiita nodi.

Kielelezo cha mwendo ni kanuni inayoiambia kila nodi iende wapi, kwa kasi gani, na itue kwa muda gani kabla ya kuondoka tena. Mitandao yote miwili huathiriwa sana na kanuni hii. Katika ule wa kwanza, mwendo ndio unaoamua makabidhiano yatakuwa mangapi na mnara upi utalemewa. Katika ule wa pili, ujumbe haufiki kokote iwapo nodi hazikutani. Kielelezo kikikosea, basi matokeo yote yanayofuata hukosea, hata kama hesabu nyingine zote ni sahihi.

Mzururaji wa Tarakilishi

Kielelezo kilichotumika zaidi katika utafiti wa mitandao ya kupokezana kilitolewa mwaka 1996 na David Johnson na David Maltz wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani. Tutakiita kielelezo cha vituo vya nasibu. Kanuni yake ni nyepesi. Nodi huwekwa katika uwanja wa mstatili. Huchagua nukta yoyote kwa bahati nasibu, huchagua kasi yoyote kwa bahati nasibu, huenda moja kwa moja hadi nukta ile, hutua kidogo, kisha huchagua nukta nyingine. Mchezo ni huo huo hadi uigaji umalizike.

Wepesi huo ndio uliokipa umaarufu. Mtafiti huhitaji namba chache tu: ukubwa wa uwanja, kasi ya juu na muda wa kutua. Hata hivyo, miaka ya mwanzo ya karne hii ilidhihirisha kasoro zake, na mbili kati yake zinastahili kuelezwa kwa urefu.

Kasoro ya kwanza inahusu kasi. Mwaka 2003, Jungkeun Yoon, Mingyan Liu na Brian Noble wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba, iwapo kasi ya chini inaruhusiwa kuwa sufuri, wastani wa kasi ya nodi zote huendelea kushuka kadiri uigaji unavyoendelea. Sababu yake inaeleweka kwa mfano mdogo. Tuchukue safari mbili za kilomita 12 kila moja. Ya kwanza imepangiwa kasi ya kilomita 1 kwa saa, ya pili kilomita 12 kwa saa. Mtu akiulizwa wastani wa kasi hizo, atajibu kilomita 6.5 kwa saa. Lakini safari ya kwanza huchukua saa 12 ilhali ya pili humalizika kwa saa 1. Jumla ni kilomita 24 katika saa 13, yaani chini ya kilomita 2 kwa saa. Wanaokwenda haraka hufika upesi na kupangiwa kasi mpya, hali wanaojikokota hubaki njiani. Baada ya muda, uwanja hujaa nodi zinazojikokota. Mtafiti anayedhani anapima mtandao wa waendao kwa kasi ya wastani, kumbe anapima mtandao unaokaribia kusimama. Tiba iliyopendekezwa ni kuweka kasi ya chini iliyo juu ya sufuri, na kutotegemea vipimo vilivyochukuliwa kabla hali ya nodi haijatulia.

Kasoro ya pili inahusu mahali. Christian Bettstetter, Giovanni Resta na Paolo Santi, katika utafiti uliotoka mwaka 2003, walichambua jinsi nodi zinavyotawanyika chini ya kielelezo hiki na kuthibitisha kwamba hurundikana katikati ya uwanja. Ukichora mistari mingi inayounganisha nukta mbilimbili ndani ya mraba, utaona mistari mingi hupita katikati na michache hupita pembeni. Sasa tuuweke mraba huo juu ya ramani ya Endebess. Katikati yake huenda pakaangukia shamba la mahindi ambamo hamna mtu ila wakati wa palizi na mavuno, au msitu ambamo hapapiti gari. Mnara wa kubuni utaonekana kuwa na wateja tele mahali ambapo kwa kweli pana mahindi matupu.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kumwelezea msafiri wa namna hii: huzurura, hurandaranda, hutangatanga. Vyote vitatu vinabeba dhana ya kutokuwa na shabaha. Wahenga wanasema, mtembezi hula miguu yake. Methali hiyo humkemea mtembezi kwa kuwa jamii inatambua kwamba watu wengi hawaendi hivyo. Kielelezo cha vituo vya nasibu kimemfanya kila mkazi kuwa mtembezi wa aina hiyo.

Barabara, Kumbukumbu na Kundi

Watafiti hawakukaa kimya mbele ya kasoro hizi. Walileta vielelezo vingine, kila kimoja kikiongeza sharti fulani ambalo mzururaji hakuwa nalo.

Sharti mojawapo ni kumbukumbu. Pikipiki inayoteremka kutoka mlimani haiwezi kugeuka nyuma ghafla au kuruka kutoka kasi ndogo hadi kubwa kwa kufumba na kufumbua. Mwaka 1999, Ben Liang na Zygmunt Haas walitumia kielelezo ambamo kasi na mwelekeo wa sasa hutegemea ule uliotangulia.

Sharti jingine ni barabara. Mwaka 2003, Fan Bai, Narayanan Sadagopan na Ahmed Helmy walilinganisha vielelezo kadhaa, kikiwemo kinacholazimisha nodi kufuata njia zilizochorwa kama mitaa ya Manhattan mjini New York, na wakaonyesha kwamba mbinu ile ile ya mawasiliano hufaulu au hushindwa kulingana na kielelezo cha mwendo kilichotumika. Endebess haina mitaa ya miraba kama New York, lakini sharti lenyewe linaihusu. Mtu atokaye Endebess kwenda Bungoma haruki moja kwa moja kama ndege. Hushika barabara hadi Kitale, akapita Kiminini na Webuye, kisha akaingia Bungoma. Minara iliyo kando ya njia hiyo itamwona, na ile iliyo mbali nayo haitamwona kamwe.

Sharti la tatu ni kundi. Xiaoyan Hong, Mario Gerla na wenzao walipendekeza mwaka 1999 kielelezo ambamo nodi humfuata kiongozi, kila moja ikiwa na uhuru mdogo wa kusogea pembeni mwake. Katika maisha ya Kenya mfano wake ulio wazi ni matatu. Matatu ya abiria 14 si safari moja kwa macho ya mtandao. Ni rununu 14 au zaidi zinazovuka mpaka wa minara kwa dakika moja. Mnara unaopokea makabidhiano hayo kwa mkupuo hukabiliwa na mzigo tofauti kabisa na ule wa watu 14 waliotawanyika vijijini.

Masharti haya yote ni ya lazima, lakini hayatoshi. Yanaeleza namna ya kwenda. Bado hayajaeleza kwa nini mtu ameondoka.

Kiu ya Punda Milia

Mfano bora wa kielelezo kilichojengwa juu ya sababu ulitokea hapa hapa Kenya, na wasafiri wake hawakuwa binadamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakiongozwa na Margaret Martonosi na wakishirikiana na mwanabiolojia Daniel Rubenstein, walitaka kufuatilia safari za punda milia katika eneo la Laikipia, wakihusiana na Kituo cha Utafiti cha Mpala. Mradi wao uliitwa ZebraNet. Kila mnyama alikusudiwa kuvishwa mkanda wa shingoni wenye kipokezi cha setilaiti na redio ndogo. Hapakuwa na minara ya kutegemea. Kwa hivyo mikanda ingepashana habari wanyama wanapokaribiana, na mtafiti akipita na gari lake mara moja moja angezichota habari za wengi kutoka kwa wachache atakaokutana nao.

Kabla ya kuwavisha wanyama ilibidi kuiga. Masafa ya redio yawe marefu kiasi gani? Betri itatosha? Habari zitamfikia mtafiti? Majibu yote yalitegemea punda milia wa tarakilishi wanakutana mara ngapi. Lau wangeachwa wazurure kwa bahati nasibu, kukutana kwao kungekuwa kwa bahati nasibu vilevile.

Katika andiko lao la mwaka 2002, watafiti hao walieleza kielelezo kilichotokana na uchunguzi wa uwandani. Mwendo wa mnyama uligawanywa mara tatu: kula akisogea polepole, kutembea huku akila, na kwenda kwa haraka. Zaidi ya hayo, mnyama wa tarakilishi alipewa kiu. Ilipomshika, aliacha alichokuwa akifanya akaelekea penye maji. Mnamo Januari 2004 mikanda ya kwanza ilivishwa punda milia katika hifadhi ya Sweetwaters, karibu na Nanyuki, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ol Pejeta.

Kiu hiyo ni jambo dogo katika programu, lakini hubadilisha tabia ya mtandao mzima. Ikiwa wanyama hunywa maji, basi kisima huwa mahali pa makutano, na makutano ndiyo njia ya ujumbe. Vilevile, mbinu mojawapo iliyopimwa katika mradi huo ilimpa ujumbe mnyama ambaye hapo nyuma alikuwa amekaribia kituo cha mtafiti mara nyingi. Mbinu kama hiyo ina maana pale tu ambapo yaliyopita yanasema kitu juu ya yajayo. Kwa mzururaji wa nasibu, jana haimfungi kwa lolote.

Mwenda Tezi na Omo

Je, binadamu naye ana kisima chake? Tafiti mbili zilizotoka mwaka 2008 zinajibu kwamba anacho. Injong Rhee wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na wenzake walichunguza nyayo za watu waliobeba vipokezi vya setilaiti, wakakuta kwamba safari fupi ni nyingi mno na safari ndefu ni chache, ila hizo chache huwa ndefu kupita ambavyo bahati nasibu ya kawaida ingetarajia. Mtu huweza kwenda dukani mara kumi kabla ya kwenda mji wa mbali mara moja, na safari hiyo moja ikazidi zile kumi kwa urefu.

Marta González, César Hidalgo na Albert-László Barabási nao walichambua rekodi za rununu za watu 100,000 wasiotajwa majina, kwa muda wa miezi sita. Walikuta kwamba kila mtu ana sehemu chache anazozirudia tena na tena, na kwamba safari za watu zina utaratibu mkubwa kuliko vielelezo vya nasibu vinavyodai. Msomaji wa Kiswahili atalipokea tokeo hili bila mshangao. Mabaharia wa pwani yetu walishasema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kielelezo kisicho na ngama, yaani kisicho na mahali pa kurejea, kimeacha nje jambo la kwanza katika mwendo wa mwanadamu.

Rununu Milioni 15 na Ugonjwa wa Malaria

Huenda msomaji akauliza kama tofauti hizi zina uzito wowote nje ya maabara. Mfano wa Kenya unatosha kumjibu. Mwaka 2012, Amy Wesolowski, Caroline Buckee na wenzao, wakiwemo Abdisalan Noor na Robert Snow waliofanya kazi ya utafiti wa malaria nchini, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliotumia rekodi za rununu za Kenya kati ya Juni 2008 na Juni 2009. Walitumia rekodi za wateja karibu milioni 15 wa kampuni moja, zikiwa hazina majina, na minara 11,920. Kila simu au ujumbe mfupi ulionyesha mteja alikuwa karibu na mnara upi. Safari zilizopatikana zililinganishwa na ramani ya malaria ili kukadiria vimelea husafirishwa na watu kutoka wapi kwenda wapi.

Ilibainika kwamba njia za vimelea hazifanani na njia za mbu. Mbu haruki mbali. Mtu mwenye vimelea damuni hupanda basi. Eneo la Ziwa Viktoria lilijitokeza kuwa chanzo kikuu cha vimelea vilivyosafirishwa, na Nairobi kuwa mahali ambapo vingi viliishia. Kwa nyanda za juu kama za Trans Nzoia, ambako malaria ni kidogo kuliko ukanda wa Ziwa, swali la nani amesafiri wapi si la anasa. Mpango wa afya ukitegemea kielelezo cha mzururaji, neti na dawa zitapelekwa kule ambako mzururaji anaonekana kwenda. Wagonjwa watabaki kule ambako watu wa kweli wamekwenda.

Kifaa Si Mwenyewe

Turejee sasa Endebess tuone ni mambo gani kielelezo cha huko hakiwezi kuyapuuza.

Kwanza, kifaa na mtu ni vitu viwili. Rununu moja inaweza kutumiwa na jamaa nzima. Mama anapokwenda sokoni na kuiacha kwa watoto, mtandao humwona amekaa nyumbani. Nyumba isiyo na umeme huipeleka rununu dukani kuchajiwa, hivyo kifaa hushinda sokoni hali mwenyewe yuko shambani. Watafiti wa kundi la Wesolowski walilichunguza suala la umiliki nchini Kenya, wakaonyesha kwamba wenye simu walielekea kuwa wanaume, wenye uwezo na wenye elimu kuliko wasio nayo. Mwaka 2013 waliongeza kwamba, licha ya upungufu huo, makadirio ya jumla ya safari hayakupotoka kwa kiasi walichohofia. Lakini kinachotosha kwa nchi nzima huenda kisitoshe kwa kijiji kimoja, na mnara hujengwa kijijini.

Pili, msimu una nguvu. Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa mwezi wa Machi na Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Vibarua humiminika mashambani nyakati za palizi na mavuno. Malori hushika barabara ya Kitale yakibeba magunia. Uigaji uliojengwa kwa vipimo vya Juni hauwezi kuapa juu ya Novemba.

Tatu, mpaka wa nchi ni mpaka wa takwimu pia. Wasabaot wa Kenya na Wasebei wa Uganda wana undugu wa lugha, na biashara ya Suam hupita pande zote mbili. Rununu ikishika mnara wa Uganda hutoweka katika rekodi za kampuni ya Kenya zinazohesabu minara ya Kenya pekee. Kwa hivyo, anayezitegemea rekodi hizo peke yake ataandika kwamba mtu amesimama Suam ilhali ameshavuka.

Nne, mlima wenyewe. Uwanja wa tarakilishi aghalabu ni bapa, lakini mawimbi ya redio huzuiwa na vilima na mabonde. Watu wawili wanaweza kuwa karibu kwa ramani na wasisikizane kwa redio.

Kwenda na Kuendea

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na mchango ambao mhandisi hana. Mambo yaliyotajwa hapo juu hayapatikani yote katika rekodi za minara. Mengi hupatikana kwa kuuliza watu, na maswali huulizwa kwa lugha. Huko Trans Nzoia na Bungoma, ambako Wasabaot, Wabukusu na wengineo wanaishi pamoja, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili.

Tuchunguze maswali mawili. Ulienda wapi? Uliendea nini? Swali la kwanza hujibiwa kwa nukta ya ramani: Kitale. La pili, kwa nguvu ya kauli ya kutendea, hujibiwa kwa sababu: mbegu, dawa, karo, jamaa. Nukta hutuambia yaliyotokea siku moja. Sababu hutupa kanuni. Aliyeendea mbegu ataenda tena msimu ujao na hataenda kila wiki. Aliyeendea dawa za kila mwezi atarudi baada ya mwezi. Mhandisi akipewa sababu anaweza kuiandika katika programu kama ile kiu ya punda milia.

Kiswahili hakiishii hapo. Kitenzi kupitia, kama katika kauli nitapitia kinuni, hueleza safari iliyo ndani ya safari nyingine: mtu anarudi nyumbani, lakini njia yake ina pindo. Vitenzi kushinda na kulala hutenga muda wa kutua wa mchana na wa usiku, jambo ambalo kielelezo cha nasibu hulifanya namba moja tu. Kuhama hutofautiana na kusafiri kwa kuwa ngama yenyewe imebadilika. Kusindikiza ni kwenda kwa ajili ya safari ya mwingine, na asiyekijua kitendo hicho atashindwa kueleza kwa nini rununu mbili zilitoka pamoja na moja ikageukia njiani. Orodha kama hii ikikusanywa kwa mahojiano makini, tayari ni nusu ya kielelezo.

Suala la Siri

Yafaa tugusie jambo la mwisho. Wapo watakaosema: kwa nini tuige, ilhali makampuni yana rekodi za kweli? Jibu ni kwamba nyayo za mtu ni siri yake. Mwaka 2013, Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza rekodi za watu milioni 1.5 na kukuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zilitosha kumpambanua mtu mmoja kati ya wote kwa asilimia 95 ya watu hao, hata kama jina lake limefutwa. Mahali padogo kama Endebess, ambapo watu hufahamiana, nukta chache zaweza kumtosha jirani kujua nani alikwenda kliniki gani, na siku gani. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019 kwa kutambua hatari za namna hii.

Uigaji mzuri ni kinga. Rununu za kubuni zenye sababu za kweli zinaweza kupewa mtafiti yeyote bila kumfichua mkazi yeyote. Sharti ni kwamba ziige kanuni za watu wengi, wala zisinakili safari za mtu mmoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba uigaji wa mwendo ulianza na mzururaji, ukamwongezea kumbukumbu, barabara na kundi, kisha ukampa kiu na mahali pa kurejea. Kila hatua ilimsogeza karibu na mtu wa kweli. Mwalimu wa fasihi akisoma riwaya ambamo mhusika huingia na kutoka bila sababu, husema mhusika huyo hana uhai. Kipimo hicho hicho kinafaa kwa nodi ya tarakilishi, na hapa kosa halimalizikii kwenye alama za mtihani. Humalizikia kwa mnara uliojengwa pasipo watu, na kwa neti zilizopelekwa pasipo ugonjwa.

Tunawahimiza wanafunzi wa Kiswahili walio karibu na idara za sayansi ya tarakilishi wasingoje kuitwa kutafsiri istilahi baada ya kazi kwisha. Waingie mwanzoni, wakati hojaji inaandikwa, na wahakikishe kwamba kando ya swali la mtu alienda wapi pana swali la pili: aliendea nini.